Kwa Nini Intaneti Hupungua Kasi Jioni, na Bei ya Kifurushi Hupangwaje?

Siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi huwa na sura moja katika kata nyingi. Mchana steshenari huwa na nafasi. Jua linapozama, viti hujaa. Kijana anajaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu. Mfanyabiashara anashughulikia leseni yake katika mfumo wa TAUSI. Katibu wa kikundi cha akina mama anapakia nyaraka za kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Wote wanatazama kiduara kinachozunguka kwenye kioo. Kifurushi kipo, umeme haujakatika, na mnara unaonekana kutoka dirishani, lakini ukurasa haufunguki. Ikitimia saa sita usiku, mfumo hufungwa, na aliyekuwa na sifa zote hubaki nje kwa sababu ya foleni ambayo macho hayaioni.

Huduma za umma zinazidi kuhamia mtandaoni. Namba ya kumbukumbu ya malipo, leseni, ajira za Serikali, zabuni na mikopo ya vikundi vyote hupatikana kwa njia ya mifumo ya kielektroniki. Kwa hiyo, kasi ya intaneti na bei yake si jambo la wapenzi wa video na muziki pekee. Ni sehemu ya njia ambayo mwananchi huipitia ili aifikie haki yake. Makala haya yanaeleza msongamano wa mtandao hutoka wapi, kwa nini watoa huduma huuza intaneti kwa namna wanavyoiuza, na mkazi wa kata anaweza kufanya nini ili fedha yake na muda wake visipotee.

Barabara moja, wasafiri wengi

Mkazi anapobonyeza kitufe cha kufungua ukurasa, ombi lake husafiri kwa mawimbi ya redio kutoka kwenye simu hadi kwenye mnara ulio karibu. Kutoka kwenye mnara, hupita katika waya wa mkongo au katika mawimbi yanayounganisha mnara mmoja na mwingine, hadi kwenye kituo kikuu cha kampuni ya simu. Kutoka hapo, huingia katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano au njia nyingine kubwa, na mara nyingi huvuka bahari kwa nyaya zilizolazwa chini ya maji. Kisha jibu hurudi kwa njia iyo hiyo. Kila sehemu ya safari hii ina upana wake, na sehemu nyembamba kuliko zote ndiyo inayoamua kasi ya safari nzima.

Katika kata nyingi za vijijini, sehemu hiyo nyembamba ni mnara wenyewe. Mnara hutumia masafa ya redio ambayo kampuni imepewa kwa leseni, na masafa hayo yana kikomo. Tuchukue mfano wa mnara wenye uwezo wa kupitisha megabiti 100 kwa sekunde. Watu 10 wakiutumia kwa wakati mmoja, kila mmoja anaweza kupata megabiti 10, nazo zatosha kwa video safi. Watu 100 wakiutumia kwa pamoja, kila mmoja hubakiwa na megabiti moja, na video huanza kukatika. Hakuna kilichoharibika. Mnara ni ule ule na simu ni zile zile. Kilichobadilika ni idadi ya watumiaji.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Kifurushi hakimpi mteja nafasi yake peke yake kwenye mnara. Kinampa ruhusa ya kupitisha kiasi fulani cha data, kwa kasi itakayopatikana wakati huo. Ni kama tiketi ya kuingia sokoni: inakuruhusu uingie, lakini haikuhakikishii kwamba hutakuta umati.

Foleni haikui kwa hatua sawa

Watu wengi hudhani kwamba matumizi yakiongezeka kidogo, kuchelewa nako kutaongezeka kidogo. Hesabu ya foleni inaonesha vingine. Fikiria bomba moja la maji la kitongoji, ambapo kujaza chombo huchukua wastani wa dakika 2. Vyombo vina ukubwa tofauti, na watu huja bila kupangiana. Bomba likiwa na kazi nusu ya muda wake, mtu hutumia wastani wa dakika 4 tangu kufika hadi kuondoka. Likiwa na kazi asilimia 90 ya muda, wastani hufika dakika 20. Likifikia asilimia 95, wastani huwa dakika 40. Kutoka asilimia 90 hadi 95 ni hatua ndogo ya matumizi, lakini muda wa kusubiri umezidi maradufu.

Mtandao nao hufuata kanuni hii. Ndiyo sababu saa 10 alasiri ukurasa hufunguka vizuri, saa 12 jioni hufunguka kwa kusuasua, na saa 2 usiku haufunguki kabisa, ingawa idadi ya watumiaji haikuongezeka mara kumi. Mfumo uliokaribia kikomo chake hauhitaji umati mkubwa ili ushindwe. Wachache wanaoongezeka mwishoni ndio wanaoibadili foleni kuwa msiba.

Historia ya intaneti yenyewe ina ushahidi wa jambo hili. Mwezi Oktoba mwaka 1986, nchini Marekani, njia iliyounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley ilizidiwa. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ulikuwa yadi 400 tu, lakini kasi ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Chanzo kilikuwa tabia ya kompyuta zenyewe. Kila kompyuta ilipoona kwamba furushi la data halijafika, ililituma tena. Furushi la pili liliongeza msongamano, msongamano ukapoteza mafurushi mengine, nayo yakatumwa tena. Njia ilijaa mizigo iliyorudiwa, na mizigo yenyewe haikufika.

Mtaalamu Van Jacobson na mwenzake Michael Karels walieleza tiba yake katika andiko la mwaka 1988: kila kompyuta ianze kutuma kwa uangalifu, na ikiona dalili za msongamano ipunguze mwendo. Utaratibu huo wa kujizuia ndio msingi uliouwezesha mtandao kuendelea kukua hadi leo. Mwananchi anayebonyeza kitufe cha kutuma mara tano mfululizo kwa sababu ukurasa umechelewa anarudia kosa lile lile la kompyuta za mwaka 1986. Kila mbonyezo ni ombi jipya linaloongeza foleni ambayo yeye mwenyewe yumo.

Gharama isiyoonekana kwenye vocha

Wachumi huutazama msongamano kwa jicho la pekee. Mtu anapoingia kwenye njia iliyojaa, yeye hupata hasara ya kuchelewa, lakini pia humchelewesha kila aliye nyuma yake. Hasara yake mwenyewe anaiona. Ile anayowatwika wenzake haioni wala hailipii. Anayepakua filamu nzima saa 2 usiku hulipa bei ile ile ya data ambayo angelipa saa 9 alfajiri, ingawa saa 9 alfajiri hamsumbui mtu, na saa 2 usiku huenda anamzuia jirani asiwasilishe fomu yake.

Kinyume chake pia ni kweli. Mnara ukishajengwa, kupitisha megabaiti moja zaidi wakati njia ni tupu hakuongezi gharama ya maana kwa kampuni. Mtambo umewashwa, walinzi wanalipwa, leseni imelipiwa. Uwezo usiotumika usiku wa manane hauhifadhiwi kwenye ghala ili uuzwe kesho jioni. Ni sawa na kiti cha basi: gari likiondoka na kiti kitupu, nauli ya kiti hicho imepotea moja kwa moja.

Kwa hiyo gharama kubwa ya mtandao hutokana na ukubwa wa kilele. Kampuni hujenga minara na kununua upana wa njia kwa kuangalia saa yenye watu wengi zaidi, kisha hutafuta njia ya kuzigawa gharama hizo kwa wateja wote wa saa zote. Namna ya kuzigawa ndiyo iliyozaa aina mbalimbali za bei.

Namna nne za kutoza

Namna ya kwanza ni bei moja kwa mwezi bila kikomo. Wateja huipenda kwa sababu inaeleweka na haina mshtuko. Udhaifu wake ulionekana wazi nchini Marekani. Tarehe 1 Desemba 1996, kampuni ya America Online ilianza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa za matumizi. Watu walioingia mtandaoni hawakuwa na sababu ya kutoka. Simu zilizotumika kuunganisha wateja zilijaa, na waliojaribu kuingia walisikia mlio wa laini yenye kazi. Malalamiko yalifika kwa wanasheria wakuu wa majimbo, na mwanzoni mwa mwaka 1997 kampuni ilikubali kuwarudishia fedha wateja walioathirika. Kutokana na mafunzo ya aina hiyo, huduma nyingi zinazoitwa zisizo na kikomo leo huwa na sharti la matumizi ya haki: mteja akivuka kiasi fulani, kasi yake hupunguzwa. Sharti hilo huandikwa katika masharti ya huduma, na ni haki ya mteja kuliuliza kabla ya kulipa.

Namna ya pili ni kutoza kwa kiasi kilichotumika. Kila megabaiti ina bei yake. Njia hii humfanya mtu awe mwangalifu, lakini haitofautishi saa ya msongamano na saa ya njia tupu. Pia humtia mteja hofu, kwa kuwa hajui ukurasa anaoufungua utamgharimu kiasi gani. Kifurushi ni mchanganyiko wa njia hizi mbili: bei inajulikana mapema, kiasi kinajulikana, na muda wa kutumia una mwisho.

Namna ya tatu ni kutoza kwa kufuata saa. Vifurushi vya usiku ni mfano unaofahamika na wengi. Bei hupungua wakati minara haina kazi nyingi, na wanaoweza kusubiri huhama kutoka kwenye kilele. Wahenga walisema kawia ufike. Kwa mtandao, anayekawia kwa hiari hufika kwa bei nafuu na huwapunguzia wenzake foleni.

Namna ya nne ni kutoza kwa kufuata daraja la huduma. Anayelipa zaidi hupewa kasi kubwa zaidi au nafasi ya mbele. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanahisabati Andrew Odlyzko alipendekeza mfano uliotokana na treni za chini ya ardhi za Paris. Kabla ya daraja la kwanza kufutwa mwaka 1991, treni hizo zilikuwa na mabehewa ya madaraja mawili yaliyokwenda kwa kasi moja. Daraja la kwanza lilikuwa na nafasi zaidi kwa sababu moja kubwa: bei yake iliwapunguza watu. Odlyzko alisema mtandao ungeweza kugawanywa hivyo hivyo, na bei yenyewe ikafanya kazi ya kupunguza msongamano.

Wachumi Jeffrey MacKie-Mason na Hal Varian walikwenda mbali zaidi katika miaka hiyo ya 1990. Walipendekeza kila furushi la data libebe bei ambayo mwenyewe yuko tayari kulipa, na njia ikijaa, yapite kwanza yale yenye bei ya juu, kama katika mnada. Kwa hesabu za kiuchumi pendekezo lao lilikuwa na nguvu. Halikuenea katika huduma za kawaida, na mtu yeyote aliyewahi kupanga bajeti ya nyumba anaweza kuona sababu. Watu hupenda kujua bei kabla ya kununua, na bei inayobadilika kila sekunde haipangiki.

Lipo pia jambo la haki. Bei hupunguza foleni kwa kuwaondoa wasioweza kulipa, ambao si lazima wawe ndio wenye haja ndogo. Mgonjwa anayetafuta taarifa za zahanati na mtazamaji wa mpira wakishindanishwa kwa fedha tu, mshindi ataamuliwa na mfuko. Ndiyo maana mahali pengine msongamano hushughulikiwa bila bei. Mwezi Machi mwaka 2020, wakati janga la UVIKO-19 lilipowafungia watu majumbani, Kamishna wa Umoja wa Ulaya Thierry Breton alizungumza na kampuni ya Netflix, nayo ikakubali kupunguza ubora wa video barani Ulaya kwa siku 30 ili kupunguza mzigo wake mtandaoni kwa takribani asilimia 25. Watazamaji waliendelea kutazama, na njia ikabaki na nafasi kwa shule, hospitali na kazi.

Kilichomo ndani ya bei ya kifurushi

Hapa nchini, shilingi ya kifurushi hugawanyika katika mafungu mengi. Fungu moja hulipia ujenzi na uendeshaji wa minara: ardhi, nguzo, mitambo, ulinzi, umeme wa gridi, na jenereta au sola pale ambapo gridi haijafika. Fungu jingine hulipia masafa na leseni. Lipo fungu la kusafirisha data ndani ya nchi na fungu la kununua upana wa njia za kimataifa. Kisha zipo kodi, ikiwemo Kodi ya Ongezeko la Thamani na ushuru wa bidhaa, na hatimaye faida ya kampuni.

Mafungu haya hayakai mahali pamoja miaka yote. Kabla ya mwaka 2009, Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti kwa mawasiliano ya kimataifa, nayo ilikuwa njia nyembamba na ya gharama kubwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kufanya kazi mwezi Julai mwaka 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Njia zilipanuka na gharama ya kupitisha data ikapungua. Lakini njia chache zilizo imara si sawa na njia nyingi. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu baharini katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchini Tanzania na katika nchi jirani. Wateja hawakuongezeka siku hiyo. Njia ndiyo iliyopungua. Msongamano ulitokea kwa sababu watu wale wale walisukumwa kwenye mlango mwembamba.

Katika ngazi ya kata, tofauti kubwa hutokana na idadi ya watu walio karibu na mnara. Mnara wa mjini hugawana gharama zake kwa maelfu ya wateja. Mnara wa kijiji chenye kaya chache na zilizotawanyika huwa na gharama karibu zile zile, na pengine kubwa zaidi kwa sababu ya umeme na barabara, huku wateja wakiwa wachache. Soko peke yake haliwezi kuupeleka mnara huo. Kwa ajili hiyo, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, hutoa ruzuku kwa kampuni ili zijenge maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara. Mwezi Mei mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika kata 713 nchini kwa utaratibu huo.

Anayenunua kidogo hulipa zaidi

Mwezi Novemba mwaka 2022, kufuatia malalamiko ya wananchi kuhusu bei za vifurushi, Serikali ilieleza kwamba tathmini iliyofanywa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilikuwa imeweka wigo wa bei ya data kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa megabaiti moja. Wigo huo wastahili kutazamwa kwa makini. Kwa bei ya chini, megabaiti 1,000 hugharimu shilingi 2,030. Kwa bei ya juu, kiasi hicho hicho hugharimu shilingi 9,350. Tofauti ni zaidi ya mara nne kwa bidhaa ileile inayopita kwenye mnara uleule.

Kwa kawaida, anayenunua kifurushi kikubwa cha mwezi hukaribia bei ya chini, na anayenunua kidogo kidogo, au anayetumia salio nje ya kifurushi, hukaribia bei ya juu. Kampuni huwa na sababu zake: kila muamala una gharama, na mteja mkubwa huleta uhakika wa mapato. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mwenye kipato cha siku kwa siku, asiyeweza kutoa fedha ya mwezi mzima kwa mkupuo, hulipa zaidi kwa kila megabaiti. Wakati huo huo, yeye si lazima awe ndiye anayesababisha msongamano. Ujumbe mfupi, fomu ya leseni na namba ya malipo ni mizigo midogo sana ikilinganishwa na video, ambayo kwa saa moja ya ubora wa kawaida huweza kufikia megabaiti 700.

Suala la vifurushi kuisha muda nalo lina pande mbili. Uwezo wa mnara, kama ilivyoelezwa, hauhifadhiki, na muda wa mwisho huisaidia kampuni kukadiria mzigo wa mtandao wake. Lakini mteja aliyelipia megabaiti 1,000 na kutumia 600 amelipa, kwa hakika, bei kubwa zaidi kwa kila megabaiti aliyoitumia. Mjadala huu ndio uliochangia TCRA kutunga kanuni ndogo za vifurushi mwaka 2021, zinazowataka watoa huduma, pamoja na mambo mengine, wamjulishe mteja matumizi yake yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100. Vifurushi vipya vilivyoanza mapema Aprili mwaka huo vilisitishwa baada ya wananchi kulalamikia kupanda kwa bei. Tukio hilo lilionesha kwamba sauti ya mtumiaji, ikitolewa mahali panapohusika, husikilizwa.

Mkazi anaweza kufanya nini

Bei za intaneti hazipangwi na Halmashauri. Hupangwa na watoa huduma chini ya usimamizi wa TCRA. Yapo, hata hivyo, mambo ambayo mkazi anaweza kuyafanya mwenyewe bila kusubiri.

La kwanza ni kuikwepa saa ya kilele. Kati ya saa 1 na saa 4 usiku minara mingi hubeba mzigo mkubwa kuliko saa nyingine. Maombi yenye tarehe ya mwisho yafanyike asubuhi, na yafanyike siku kadhaa kabla. Siku ya mwisho huwa na foleni mbili kwa pamoja: foleni ya mnara na foleni ya mfumo wenyewe unaopokea maombi kutoka nchi nzima. Kuhamia kwenye mnara mwingine hakuiondoi foleni ya pili.

La pili ni kuandaa nyaraka kabla ya kuingia mtandaoni. Picha za vyeti zilizopigwa kwa simu huwa kubwa kuliko inavyohitajika. Zikipunguzwa ukubwa kabla ya kupakiwa, hupita haraka na hutumia data kidogo. Mhudumu yeyote wa steshenari anaweza kusaidia kazi hiyo.

La tatu ni kukokotoa bei ya megabaiti moja kabla ya kununua. Gawanya bei ya kifurushi kwa idadi ya megabaiti, kisha linganisha. Kifurushi cha shilingi 1,000 chenye megabaiti 200 kina bei ya shilingi 5 kwa megabaiti. Cha shilingi 2,000 chenye megabaiti 500 kina bei ya shilingi 4. Lakini kifurushi kikubwa kitakachoisha muda kabla hakijatumika si nafuu hata kidogo. Bei ya kweli ni ile ya megabaiti zilizotumika.

La nne ni kuzuia matumizi ya siri. Simu nyingi husasisha programu na kupakua picha na video zenyewe. Mipangilio ya simu huruhusu kuzima upakuaji huo, au kuuacha ufanyike usiku wa manane. Pia kifurushi kinapoisha, zima data kwanza ili salio la kawaida lisitozwe bei ya nje ya kifurushi.

La tano ni kutumia haki ya kuhama. Tangu mwaka 2017, mteja anaweza kuhamia kampuni nyingine bila kubadili namba yake ya simu. Kabla ya kuhama, jaribu laini ya jirani saa 2 usiku, nyumbani kwako, kwa kuwa kampuni yenye kasi mjini si lazima iwe na kasi kitongojini.

La sita ni kulalamika kwa utaratibu. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, na mteja anapaswa kupewa namba ya kumbukumbu. Andika tarehe, saa, mahali na tatizo lililotokea. Mtoa huduma asiporidhisha, shauri hupelekwa TCRA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo lipo kwa ajili ya kutetea maslahi ya watumiaji. Kauli ya jumla kwamba mtandao ni mbovu haimsaidii mkaguzi. Kumbukumbu ya siku 7, yenye saa na mahali, humwonesha wapi pa kuangalia.

Nafasi ya kata na vijiji

Yapo yanayohitaji nguvu ya pamoja. Kitongoji kisicho na mawasiliano, au chenye mnara mmoja uliozidiwa, kinaweza kuwasilisha hoja yake katika mkutano wa kijiji, kisha ikapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ili Halmashauri iifikishe kwa UCSAF na kwa watoa huduma. Hoja yenye idadi ya kaya, shule, zahanati na vikundi vya uzalishaji ina uzito kuliko malalamiko ya mdomo, kwa sababu humwonesha mwekezaji wateja waliopo, na humwonesha mtoa ruzuku hitaji la huduma za jamii. Kijiji kinachotenga eneo la mnara mapema, kwa kufuata taratibu za ardhi, hupunguza sababu moja ya kuchelewa.

Vikundi na taasisi zinazopanga tarehe za mwisho nazo zina mchango. Tarehe ya mwisho inayoangukia saa 6 usiku huwakusanya watu wote katika saa za msongamano. Ikiwekwa saa 6 mchana siku ya kazi, waombaji wa mwisho hukutana na minara isiyo na mzigo mkubwa, na wanaokwama hupata ofisi ziko wazi za kuwasaidia. Mabadiliko hayo hayagharimu fedha.

Mnara wa kata ni kama bomba la kitongoji: wote wanautegemea, na hakuna anayeumiliki peke yake kwa sababu amelipa. Bei itaendelea kuamua mengi, na mamlaka husika zina wajibu wa kuhakikisha bei hiyo ni ya haki. Lakini saa ambayo kila mtu huichagua kuchota nayo ina uzito wake. Filamu inayosubiri hadi usiku wa manane haimpotezei mtazamaji kitu, ilhali nafasi aliyoiacha saa 2 usiku inaweza kumtosha binti wa jirani kutuma fomu yake kabla mfumo haujafungwa.